Shahidi wa Jasi

Nyumba ya saba walikwenda kuiona Jumanne asubuhi, na siku hiyo Timazi aliamka akiwa amechoka tayari. Goti la kushoto limechoka, mgongo umechoka, na kilichochoka kuliko vyote ni mdomo, kwa sababu alijua fika kwamba kabla ya adhuhuri ungetakiwa useme neno, na neno lenyewe lingemnunisha mtu mwezi mzima.

Jina hilo alipewa na mafundi wenzake. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili ukuta uliopinda uumbuke, na yeye kwa miaka arobaini, kwanza mwashi, kisha msimamizi, kisha mzee wa kuitwa kukagua, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuumbua kuta za watu. Aliingia kwenye nyumba, akavua kofia, akasimama kimya katikati ya sebule kama mtu anayesikiliza mgonjwa akihema, akapapasa hapa, akagonga pale, kisha akasema: nunua, au usinunue. Wengi walinunua kwa neno lake, na hakuna aliyerudi akilia. Lakini yeye na mkewe walikuwa wametimiza miaka thelathini na miwili kwenye nyumba za kupanga. Mganga hajigangi, na fundi huyu hakuwa amejijengea hata banda la kuku.

Si kwamba hawakutafuta. Walikwisha kuona nyumba sita, na zote sita alizikataa yeye. Ya kwanza msingi wake ulikuwa mfupi, alisema. Ya pili ilikalia udongo wa mfinyanzi, unaovimba na kusinyaa. Ya tatu ilijengwa juu ya shimo la taka lililofukiwa. Ya nne paa lilikuwa na mchwa. Ya tano na ya sita zilikuwa na mambo ambayo hata yeye sasa hakuyakumbuka vizuri, ila aliyatamka kwa sauti ile ile ya kitaalamu, na mkewe akakunja mikono akanyamaza. Kazi ya kukumbuka ilikuwa ya mkewe.

Mkewe mtaani walimwita Mama Cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye korido, kwa sababu ndani ya vyumba viwili walivyopanga haikuwa na pa kukaa. Mpangaji akipita na ndoo, mama anasimama, anaisogeza, anapisha, anairudisha. Mwingine akipita na kapu la nguo, vivyo hivyo. Mara ishirini kwa siku, tangu watoto wanatambaa mpaka watoto wameoa na kuolewa na kwenda zao. Hakutaka jumba. Alitaka chumba kimoja tu duniani ambacho cherehani ikiwekwa, imewekwa.

"Leo sitaki mdomo wako," alimwambia wakiwa njiani. Timazi alibeba ngazi begani, mkewe alibeba mkoba wa zana. "Nimesikia maneno yako mara sita. Leo nataka kitu ninachoweza kukiona kwa macho yangu haya."

"Nyumba haisemi na macho ya kila mtu," Timazi akajibu.

"Umeanza."

Akakaza mwendo.

Dalali alikuwa anawangoja getini. Watu walimwita Redio, na ukikaa naye dakika mbili unaelewa kwa nini, ila redio ina kitufe cha kuzimia. "Mzee wangu, mama yangu, karibuni sana! Hii siyo nyumba, hii ni bahati iliyoezekwa bati. Tajiri alianza kuikarabati, akapata uhamisho, akaiacha nusu. Hasara yake, neema yenu. Mnamalizia tu hapa na pale, mnaingia."

Hapa na pale palikuwa pengi. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, na ukarabati ulikuwa umeishia katikati ya sentensi. Vigae vya sakafu vilipangwa mpaka robo tatu ya sebule, kisha vikakoma, na mifuko minne ya saruji imeganda pembeni ikawa mawe yenye umbo la mito. Nyaya za umeme zilichungulia kutoka ukutani bila soketi. Sinki la jikoni lilikaa juu ya matofali. Choo hakikuwa na mlango, lakini kilikuwa na kioo kikubwa cha fremu ya dhahabu, ili mtu ajione vizuri akihangaika.

Sebule ilikuwa pana ajabu. Timazi alisimama katikati, akavua kofia. Juu ya kichwa chake, kutoka ukuta hadi ukuta, lilipita sanduku refu la bodi za dari, limepakwa rangi nyeupe. Sakafuni chini yake kulikuwa na mstari wa zege jipya, upana wa tofali moja.

"Hapa palikuwa na ukuta," alisema.

"Palikuwepo, mzee. Tajiri alitaka sebule ipumue."

"Ukuta huo ulikuwa umebeba chumba cha juu. Sasa kinabebwa na nini?"

"Chuma, mzee. Boriti ya chuma nene kama paja langu. Hizo bodi ni urembo tu, kuificha."

"Umeiona?"

"Niliambiwa na aliyeiona."

"Na aliyeiona yuko wapi?"

"Kasafiri," Redio akasema, bila hata kupepesa.

Timazi alipanda ngazi akaligonga lile sanduku kwa vifundo vya vidole. Liliitika kwa sauti ya sanduku, basi. Kwa sauti hiyo ndani yake kungeweza kuwa na chuma, kungeweza kuwa na mbao, kungeweza kuwa na dua za tajiri peke yake. Akaomba atoboe tundu dogo, upana wa sarafu, achungulie. Redio akapiga simu, akamweka tajiri kwenye spika ili kila mtu asikie, na tajiri akasema neno moja tu: anayevunja amenunua.

Wakapanda juu. Mama Cherehani alitangulia. Chumba cha juu kilikuwa na dirisha pana lililoelekea jua linakochomoza, na mwanga ulikijaza hadi pembeni. Mama hakutazama dari wala sakafu. Alifungua mkoba aliobeba, akatoa utepe wa kupimia nguo, akapima kutoka dirishani hadi ukutani, akapiga hatua mbili, akasimama, akaweka mkono hewani kwenye usawa wa kiuno. Timazi alielewa. Mkono ule ulikuwa juu ya cherehani. Mkewe alikuwa amekwisha kuiweka, na alikuwa anatabasamu tabasamu ambalo Timazi hakuwa ameliona kwa muda mrefu mno. Timazi aliogopa. Aliogopa waziwazi, kama mtu aliyeitwa polisi.

Kisha akauona ufa. Ulianzia pembe ya dirisha, ukapanda mshazari mpaka kwenye dari. Mtu alikuwa ameuziba na kuupaka rangi, na ufa ukapasua rangi ukarudi.

"Huo ni wa rangi tu, mzee," Redio akawahi. "Na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaziba, kwisha."

Hakuna methali iliyomchosha Timazi kama hiyo. Kila mwenye nyumba mbovu aliijua. Ufa ni kikohozi, na kuuziba kabla ya kujua umetoka wapi ni kumfunga mgonjwa mdomo asikohoe. Lakini alikuwa ameambiwa mdomo wake hautakiwi. Akatoa kopo la jasi, ule unga mweupe wa dari, kwenye mkoba, akakoroga kidogo na maji kwenye kifuniko, na kwa kidole gumba akapachika bonge moja juu ya ufa karibu na dirisha, na jingine juu kabisa, karibu na dari. Kabla hayajakauka akachora tarehe kwa ncha ya msumari.

"Hawa tunawaita mashahidi," alimwambia mkewe. "Jasi hainyumbuki. Ukuta ukiwa umetulia, shahidi atabaki mzima. Ukuta ukisogea, hata kwa siri, shahidi atakatika. Wiki tatu."

"Halafu baada ya wiki tatu utatafuta jingine."

"Shahidi akiwa mzima, tunanunua. Sina la kuongeza."

"Rudia mbele ya Redio."

Akarudia. Redio aliitikia kwa niaba ya taifa zima.

Wiki tatu hizo zilikuwa ndefu. Mama Cherehani alishona huku akiimba chini kwa chini, na alipopisha ndoo za watu hakuguna. Siku moja aliaga kwamba anakwenda kununua vifungo, akarudi jioni, akasema vifungo havikuwepo. Timazi alikaa kwenye kigoda mlangoni akimtazama, na katika wiki ya pili akajikuta anafanya jambo la aibu. Alijikuta anaombea shahidi akatike. Si kwa sababu alikuwa na uhakika kwamba nyumba ni mbovu. Uhakika huo hakuwa nao. Aliomba tu hivyo, kama mtoto anavyoombea mvua siku ya mtihani. Alipojigundua akainuka, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Siku ilipofika walikwenda wote watatu. Timazi alimtazama kwanza shahidi wa chini. Alikuwa mzima, ameshika vumbi, ana alama za kidole gumba chake. Mama alishusha pumzi. Kisha akaegemeza ngazi, akapanda kumwona wa juu.

Naye alikuwa mzima. Alikuwa mzima, mweupe, laini, kingo zake zimenyooshwa kama ukosi wa shati la harusi. Tarehe ilikuwa ile ile, ila tarakimu zilikuwa nyembamba na nadhifu. Timazi alimsogelea. Katika miaka arobaini hakuwahi kutengeneza shahidi mtanashati namna hii. Mashahidi wake wote walifanana na kinyesi cha ndege. Akamkwaruza kwa ukucha, na jasi ikatoka laini, bado ina unyevu. Hii haikuwa na wiki tatu.

Alishuka kwa goti lake bovu kwa kasi ambayo daktari asingeiruhusu, akamshika Redio ukosi.

"Nani kakutuma? Tajiri? Kakupa nini uje uchezee ushahidi wangu?"

"Mzee! Ushahidi gani?"

"Shahidi wa juu alikatika, mkamfuta, mkaweka mwingine! Unataka watu wafe humu ndani kwa sababu ya udalali wako?"

"Haki ya Mungu, mzee, mimi hata ngazi naiogopa! Muulize mke wangu nani hubadilisha balbu kwetu! Mimi nilitoa ufunguo tu, kwa—" Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, pengine, Redio akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa anamtazama Mama Cherehani.

"Mwachie mtoto wa watu," mama akasema. "Ni mimi."

Timazi alimwachia. Redio akaunyoosha ukosi wake, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Nilikuja siku ya kumi na tisa," mama akaendelea. Hakupandisha sauti, alisema kama mtu anayetoa maelekezo ya gauni. "Nilitaka kupima mapazia. Nikaona yule wa juu ana mstari. Nikasimama juu ya ndoo ya rangi, nikambandua. Jasi nilikuwa nimeichota kwenye kopo lako."

"Uliichota kabla hujaja?"

"Niliichota kabla sijaja."

Jambo hilo lilihitaji muda kidogo kuingia, na lilipoingia lilikaa vibaya. Mkewe mwenye magoti yaliyovimba alikuwa amekuja na jasi kwenye mkoba na kijiko cha kulainishia, akijua, akapanda juu ya ndoo kwa ajili ya chumba.

"Kwa nini?" alimwuliza.

"Kwa sababu nilijua utasema nini. Na kwa sababu ungefurahi." Sasa ndipo sauti ilipotikisika. "Ungekuja na sauti yako ile ya kitaalamu, mama watoto pole sana, ukuta unatembea, na moyoni ungekuwa umefurahi. Mimi nakujua. Mara sita nimeuona uso huo."

Timazi angeweza kukana, lakini alikumbuka alivyoomba.

Badala yake akauliza swali la kazi, maana kazi ndiyo ilikuwa lugha aliyobaki nayo. "Ule mstari. Ulikuwa mpana kiasi gani?"

"Ah, uzi tu."

"Uzi gani?"

Mama alimtazama kwa hasira, lakini fundi ni fundi, na swali la uzi halijibiwi ovyo. "Nilipitisha uzi wa kawaida, ukapita. Nikapitisha uzi wa jinzi, nao ukapita bila kugusa. Basi. Uzi wa jinzi, mzee. Unanitishia uzi?"

Uzi wa jinzi, siku kumi na tisa. Timazi alipiga hesabu yake ya zamani. Nyumba zote husogea, lakini husogea kwa miaka, kama watu wanavyozeeka. Hii ilikuwa inakimbia. Alipanda tena, akamng'oa shahidi yule mtanashati kwa patasi, na nyuma yake ufa ulikuwa umefunguka vya kutosha kuingiza ukucha. Wiki tatu zilizopita haukuingia. Akaelewa kilichokuwa ndani ya lile sanduku la urembo. Hakukuwa na chuma. Tajiri alibomoa ukuta akaweka mbao, na mbao zilikuwa zinakubali mzigo kidogo kidogo, kwa adabu, mpaka siku zitakapokataa. Na wao watatu walikuwa wamesimama juu yake.

"Tokeni," alisema. "Tokeni humu wote. Chumba hiki kinashuka."

Redio hakungoja ufafanuzi. Viatu vyake vilisikika kwenye ngazi, kisha sebuleni, kisha nje getini.

Mama Cherehani alikwenda dirishani. Kulikuwa na mfuko mmoja wa saruji iliyoganda, mafundi waliupandisha wakausahau, akakaa juu yake. Akaweka mkoba mapajani.

"Sitoki."

"Mama watoto, sifanyi mzaha."

"Hata siku moja hujafanya mzaha. Ya pili hukufanya mzaha. Udongo unavimba, ukasema, usiku mmoja tutatafutana kwenye kifusi. Mimi kila nikienda kununua vitambaa napita pale. Imesimama. Waliongeza chumba cha nyuma. Ya nne nayo ina watu, wana mjukuu anayecheza barazani, anajua kunisalimia. Ya sita wamepaka rangi ya bluu. Zote zimesimama, mzee. Mara sita umeniambia toka, nikatoka. Leo sitoki. Ikianguka, ianguke nikiwa nimekaa kwangu."

Timazi alimtazama mkewe amekaa palepale alipoiweka ile cherehani ya hewani, na akaona jinsi yeye mwenyewe alivyobanwa. Neno lake, lile neno ambalo watu walilipia na kulala usingizi, kwa mtu huyu mmoja halikuwa na thamani hata ya kifungo. Alikuwa amelitumia lote. Alilitapanya kwenye nyumba zilizokuwa nzima, na leo iliyohitaji neno, mfuko ni mtupu. Kumvuta kwa nguvu asingeweza. Mama alikuwa mzito kuliko yeye, tena mkaidi. Kulikuwa na njia moja tu, na Timazi aliijua, na angetoa jino kuliko kuipita.

Akavua kofia.

"Ya kwanza ilikuwa nzima," alisema.

Mama aligeuka.

"Msingi wake ulikuwa mzuri kuliko mingi niliyojenga mimi. Nilikudanganya."

"Ya pili?"

"Nzima. Mtaa ule wote umekaa juu ya mfinyanzi, na mtaa wote umesimama."

"Ya nne ulisema mchwa."

"Nilimwona mmoja. Alikuwa amekufa."

Kutoka mahali fulani chini yao ukasikika mlio mdogo, kama mtu anayealisha vidole. Timazi aliusikia hadi kwenye meno, lakini hakuthubutu kusema kitu juu yake, maana angeonekana anatisha tena.

"Ya tano na ya sita?"

"Nzima. Ya tatu peke yake ndiyo ilikuwa mbaya. Tano zilikuwa nzuri, na nilijua ni nzuri."

"Ya kwanza," mama akasema polepole, "mtoto wetu wa mwisho alikuwa hajazaliwa."

"Najua."

"Kwa nini?"

Angetamani awe na sababu kubwa, kama vile jengo lililomwangukia rafiki, au ndoto, au nadhiri. Hakuwa nayo. "Niliogopa," alisema. "Nyumba ya mtu nikikosea, nitaomba radhi, nitarudi kwangu. Yetu nikikosea, nitaamka ndani ya kosa langu kila siku, na wewe unanitazama. Nikasema, hii bado, ngoja ijayo. Na ijayo ikawa hivyo hivyo. Basi. Uoga tu. Sikuwa na jingine."

Mama hakulia. Alimtazama kwa muda kama anavyotazama kitambaa alichokikata vibaya, akiangalia kama kuna kinachoweza kuokolewa.

"Na hii?"

"Hii ni mbaya."

"Kwa nini nikuamini leo?"

"Kwa sababu tangu tuoane sijawahi kukuambia kwamba nyumba ni nzima," Timazi akasema. "Leo nimekuambia tano."

Alisimama pale, kofia mkononi, akihesabu pumzi zake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alitamani kwa moyo wote kwamba awe amekosea juu ya ukuta. Mama aliinuka. Timazi alinyoosha mkono amshike, mama akaupita, akajishikilia fremu ya dirisha, kisha ukuta, kisha mlango, akashuka ngazi pole pole kwa magoti yake mabovu. Timazi alitwaa ngazi yake akashuka nyuma yake, akiomba kila kidato wanachokanyaga kiwavumilie. Wakapita chini ya lile sanduku jeupe. Wakatoka juani.

Redio alikuwa ng'ambo ya barabara, umbali wa kutosha hata kama nyumba ingeamua kurukia mbele. Mama Cherehani alivuka, akamfuata alipo.

"Una nyumba nyingine?"

Redio alimtazama yeye, akamtazama Timazi nyuma yake na ngazi begani, akajaribu kusoma hali ya hewa. "Ipo, mama. Ndogo, vyumba viwili na sebule, imekwisha kabisa, haina ghorofa. Kuna kibaraza kilichofunikwa. Mzee akija Alhamisi—"

"Nitakuja mimi. Asubuhi."

"Sawa, mama. Na mzee?"

"Mzee amestaafu," mkewe akasema.

Timazi alifungua mdomo kumkumbusha aanze na pembe za madirisha, kisha aangalie chini ya milango, kisha maji ya mvua yanamwagikia wapi. Mama alikuwa amekwisha kuondoka, na alisema bila kugeuka.

"Pembe za madirisha nazijua. Nimekusikiliza miaka thelathini na miwili."

Alikuwa anatembea katikati ya njia, mkoba wa zana za mumewe mkononi, bila kumngoja. Timazi aliihamishia ngazi kwenye bega jingine, lile ambalo halikuuma sana, akamfuata hatua kumi nyuma.